Bahari haianzii Muanda

Wengi wetu tunakumbuka Januari 2020. Intaneti ililala. Ulinunua mega, ulifungua video, ikazunguka, ikazunguka, mwisho ulizima simu na kuweka mfukoni. Kwenye vituo vya motari na kwenye malewa watu walisema yote: serikali imekata tena, kampuni za simu zinatuiba, kuna kitu kinapikwa Kinshasa. Tulikuwa na haki ya kuwaza vile. Mwaka mmoja mbele, kisha uchaguzi wa Desemba 2018, walitukatia intaneti karibu siku ishirini nzima, na mtu akishaumwa na nyoka anaogopa hata kamba.

Lakini mara ile haikuwa siasa. Ilikuwa mto.

Kati ya tarehe 14 na 16 Januari 2020, chini ya Atlantiki, mbele ya mdomo wa mto Kongo, mchanga na matope yaliyokuwa yamelundikana kwenye bonde kubwa la chini ya maji yaliporomoka. Bonde lile linaanzia ndani ya mto wenyewe, kilomita karibu 30 mbele ya kufika baharini, na linashuka mpaka kwenye kilindi cha metro karibu 5,000. Matope yalikimbia kilomita zaidi ya 1,100. Yalianza na mwendo wa metro 5 kwa sekunde na yakafikia metro 8, ni kusema kadiri yalivyoenda mbali njo yalizidi mbio. Njiani yalikata nyaya za intaneti zilizolala chini ya bahari, WACS na SAT-3. WACS njo ule unaoingia kwetu kupitia Muanda. Watafiti wenye kuongozwa na Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walikuwa wameweka vipimo mule bondeni. Vilikatika kimoja kimoja na kuelea juu, na kwa saa ambazo kila kimoja kilikatika wakaweza kuhesabu mbio. Walitoa matokeo mwaka 2022.

Chanzo walikitafuta juu, kwenye mto. Mwisho wa 2019 Kongo ilijaa namna haijawahi kujaa tangu miaka ya 1960. Kinshasa watu walilala juu ya meza. Gharika ilibeba mchanga mwingi mpaka mdomoni, mchanga ukalala pale, na wiki chache nyuma, wakati bahari inapanda na kushuka kwa nguvu zaidi juu ya mwezi, mzigo wote ukateremka.

Kwa hiyo mvua iliyonyesha ndani ya nchi ilikata simu ya mtu wa Goma, Lubumbashi na hata Cape Town. Tunaanza na hii habari juu kila mara tukizungumza bahari, kuna ndugu anatuuliza: « Ile mambo ya bahari inatuangalia sisi ku nini? Tuko hapa ku milima. »

Inatuangalia. Fuata maji.

Maji ya kanivo ya Bukavu na Goma yanaingia Kivu. Kivu inatokea kwa Ruzizi. Ruzizi inamwaga Tanganyika, pale Uvira. Tanganyika iko na mlango mmoja tu wa kutokea: Lukuga, pale Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba inapita Kindu, inapita Ubundi, na kisha Kisangani njo inaitwa Kongo. Wa Lubumbashi msifikiri mmepona: mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inapita ziwa Mweru, kisha Luvua, kisha Lualaba ile ile. Kweli, mengi yanapanda hewani njiani, zaidi sana kwenye Tanganyika ambako jua linakula maji kuliko Lukuga inavyotosha. Lakini njia ni moja. Miji karibu yote inayosema Kiswahili katika nchi hii inakojoa kwenye Atlantiki, tusameheane neno.

Karibu yote, juu kuna wenzetu wa Beni, wa Vitshumbi na wa Kyavinyonge. Maji ya ziwa Edouard yanashuka kwa Semliki, yanaingia ziwa Albert na kutoka kwa Nile. Yao yanaenda Misri. Tutarudi kule, juu kule njo kuna somo.

Sasa, mto unapeleka nini? Mtu wa kawaida atajibu: maji. Ni kweli, na ni mengi: karibu metro kubo 40,000 kila sekunde, mto wa pili duniani nyuma ya Amazoni. Maji yale matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo yanatandaza juu ya bahari kama mafuta juu ya supu, na alama yake inaonekana mpaka mamia ya kilomita kutoka pwani. Rangi yake ni ya chai. Ile rangi ni misitu: majani, mizizi, udongo wa mabwawa ya Equateur, vilivyooza na kuyeyuka. Kila mwaka mto unamwaga karibu tani milioni 12 za kaboni iliyoyeyuka namna hiyo. Kwa matope, kinyume chake, Kongo ni maskini: tani milioni 30 ao 40 hivi kwa mwaka, wakati Amazoni inapitisha mara zaidi ya ishirini. Maziwa yetu na mabwawa ya kati yanazuia mchanga njiani. (Ukiwaza kwamba haya matope kidogo njo yalikata intaneti ya bara nzima, unaanza kuheshimu.)

Ndani ya hiyo chai kuna vitu ambavyo jicho halioni lakini bahari inavingojea. Kuna silika, ile ile ya mchanga na ya kioo, iliyoyeyushwa na mvua kutoka kwa mawe. Kuna chuma. Kuna nitrojeni na fosfori, vile vyakula vya mimea ambavyo mlimaji anatafuta kwenye mbolea. Katikati ya bahari kubwa, maji ya juu ni kama jangwa: jua liko, maji yako, lakini chakula cha mimea hakuna, na mara nyingi chuma njo kinakosa zaidi. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba chuma kinachotoka upande wa mdomo wa Kongo kinafuatwa mpaka kilomita zaidi ya 1,000 ndani ya Atlantiki ya kusini. Elfu moja. 

Na nani anakila? Hapa njo tunafika kwa wakubwa wa hii habari, ambao ni wadogo kuliko wote.

Chukua kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari. Ndani yake kuna bakteria mamilioni. Kuna pia mimea ya chembe moja tu, isiyo na mzizi wala jani, inayoelea na kushika jua: njo inaitwa fitoplanktoni. Huwezi kuiona, lakini kwa pamoja inafanya karibu nusu ya kazi yote ya kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua hapa duniani. Misitu yote, mashamba yote, majani yote ya nchi kavu yanafanya nusu ile ingine. Kati yake kuna jamii moja, diatomu, yenye kujijengea nyumba ya silika, ni kusema nyumba ya kioo, na madirisha madogo madogo yaliyopangwa vizuri kuliko kanisa. Diatomu bila silika haijengi. Inabaki bila nyumba, haizai. Na silika ile, kwa sehemu kubwa, inaletwa na mito.

Diatomu inaliwa na wanyama wadogo kama punje ya mchanga, zooplanktoni. Zooplanktoni inaliwa na samaki wadogo. Samaki wadogo wanaliwa na wakubwa, na wote wanaishia kwenye sahani yetu. Mtu wa Kivu haitaji kuelezwa sana hii. Sambaza tunayokulaka na bugali inaishi juu ya zooplanktoni, na ilitolewa Tanganyika na kuwekwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, juu Wabelgiji waliona ziwa liko na chakula kidogo kidogo kinachoelea na hakuna samaki wa kukikula katikati ya ziwa. Kila usiku, wavuvi wenye kuimba na taa zao pale kati ya Goma na Idjwi wanavuna kitu kilichoanzia kwenye chembe isiyoonekana.

Mdomo wa Kongo uko na kitu kingine cha ajabu. Bonde lile la chini ya maji linaingia mpaka ndani ya mto, na pale Banana kilindi kinapita metro 400. Maji matamu yanapotoka kwa nguvu juu, yanavuta maji ya chumvi ya chini yapande, na maji ya chini yako na vyakula vingi. Kwa hiyo mto unalisha bahari mara mbili: kwa kile unachobeba wenyewe, na kwa kile unachochota kutoka kilindini kwa mbio zake. Watafiti walishaandika hii tangu miaka ya 1980. Ukipunguza mbio za mto, unagusa kile cha pili hata kama hukugusa cha kwanza. Mshike hili neno, juu njo moyo wa haya tunayoandika.

Na kile ambacho hakiliwi juu, kinashuka. Kwenye mwisho wa bonde, kilomita zaidi ya 700 kutoka pwani, kwenye giza la metro 5,000, watafiti wa Ifremer, taasisi ya Ufaransa ya mambo ya bahari, waliteremsha mashine na kukuta kitu kama shamba. Majani na udongo wa misitu ya Kongo vimelundikana pale, vinaoza bila hewa, vinatoa metani. Na juu yake kuna konokono wa magamba mawili, wengi, wenye kuishi bila jua hata kidogo, juu ndani ya miili yao kuna bakteria wanaogeuza gesi za kuoza kuwa chakula. Mtu wa Goma anajua metani: iko chini ya miguu yetu, karibu kilomita kubo 60 kwenye kilindi cha Kivu, na ilitengenezwa pia na viumbe visivyoonekana. Ni kazi ya jamaa moja. Huku tunaiogopa na kuitafutia soko, kule inalisha kijiji cha konokono.

Wengine watasema: vizuri, somo la biolojia, asante. Mwenye kuandika hii aliisoma kweli, na diploma iko kwenye sanduku, ikingoja kazi. Lakini hatukuandika kwa ajili ya kufundisha. Tumeandika juu ya Inga.

Inga 1 ilianza 1972, na uwezo wa megawati 351. Inga 2 ilianza 1982, megawati 1,424. Tangu pale tunasikia Inga 3, halafu Inga Kubwa, na megawati 40,000, bwawa la umeme kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2013 nchi yetu na Afrika Kusini zilitia saini mkataba wa kuiuzia megawati 2,500. Benki ya Dunia ilijitoa 2016, ikarudi, na Juni 2025 ilipitisha dola milioni 250 za kwanza kwa kutayarisha. Kila waziri anayepita anaongea megawati. Tumesoma hotuba nyingi. Tumesikia megawati, tumesikia dola, tumesikia migodi ya Katanga, mara moja moja tumesikia wakaaji wa pale Inga waliofukuzwa kwa Inga 1 na 2 ambao mpaka leo wanadai. Bahari hatujaisikia.

Tusieleweke vibaya. Sisi tunaoandikia kwenye mwanga wa simu juu ya delestaji, hatuwezi kuwa maadui wa umeme. Katika nchi hii karibu mtu mmoja tu kwa watano ako na umeme. Mama anayepika na makala anakata msitu juu hana kingine, na msitu ule ule njo unatengeneza chai inayolisha bahari. Kwa hiyo umeme wa kweli, unaofika kwa nyumba za watu, ungesaidia hata samaki. Shida yetu iko kwenye swali ambalo halijaulizwa mbele ya watu: mto ukifungwa, bahari itakula nini?

Sasa turudi Misri, kwa maji ya ndugu zetu wa Semliki.

Mbele ya 1964, kila mwaka Nile ilijaa mwezi wa nane na wa tisa, na gharika ilimwagika kwenye Mediterania. Bahari ile ni maskini sana kwa chakula cha mimea. Gharika ikifika, diatomu zilizaa kwa wingi mbele ya pwani ya Misri, maji yakageuka rangi, na dagaa wa baharini wakaja kula. Wavuvi walipanga mwaka wao wote juu ya ile miezi. Mwaka 1962 walivua dagaa hao karibu tani 18,000. Mwaka 1964 Misri ilianza kuzuia maji nyuma ya bwawa kubwa la Aswan. Gharika haikufika tena. Mwaka 1968 dagaa waliovuliwa hawakufika tani 1,000. Matope yalibaki kwenye ziwa la bwawa, na pwani ya delta, ambayo ilikuwa inajengwa na yale matope kila mwaka, ikaanza kuliwa na mawimbi.

Hakuna mtu alitaka kuua wavuvi. Nasser alitaka umeme, alitaka mashamba yamwagiliwe, alitaka nchi isiogope ukame wala gharika, na sehemu kubwa ya hiyo aliipata. Ila kwenye hesabu, bahari haikuandikwa.

Na hadithi haikuishia pale. Kuanzia miaka ya 1980 samaki walirudi, hata wakapita hesabu ya zamani. Wengine wanaitumia kusema: mnaona, bahari inajitengeneza. Iko namna gani? Watu wa Misri waliongezeka, walitumia mbolea nyingi mashambani, mifereji ya choo ya Cairo na Aleksandria iliongezeka, na hiyo yote ilimwagika baharini na kulisha fitoplanktoni mahali pa gharika. Ni kusema mto ulibadilishwa na choo. Mtu anaweza kuita hiyo kupona. Wavuvi waliopoteza mitumbwi miaka kumi na mitano mbele yake hawangesema vile.

Tena chakula kikizidi kinaua. Mto Mississippi wa Marekani unamwaga kwenye ghuba ya Mexico mbolea za mashamba ya mahindi ya nusu nchi. Fitoplanktoni inazaa kupita kipimo, inakufa, inazama, bakteria wanaioza na kumaliza oksijeni yote ya chini. Samaki anakimbia ao anakufa. Mwaka 2017 eneo lile lisilo na hewa lilipita kilomita za mraba 22,000, kuliko ziwa Kivu mara nane. Kwa hiyo ukituuliza kama mto unafaa kupeleka kingi ao kidogo, jibu ni: kile ambacho bahari ile ilizoea, kwa wakati wake. Samaki anazaa akihesabu mwaka wa mto. Ukimbadilishia kalenda, hata chakula kikiwepo, watoto wanazaliwa meza ikiwa tupu.

Watetezi wa mradi wanatujibu: Inga si Aswan. Inga ni ya maji yanayopita, mto unateremka karibu metro 100 kwa kilomita chache, hakuna haja ya ziwa kubwa la kuzuia maji miaka. Kwa Inga 1 na 2 tunakubali, zinachukua sehemu tu ya mto na kuirudisha. Na ni kweli pia kwamba mto wetu hauna gharika moja kali kama Nile, juu unapokea mvua za kaskazini na za kusini mwa ikweta kwa zamu, maji yanakuja karibu mwaka mzima. Lakini mpango wa Inga Kubwa kwa awamu za mwisho ni kufunga mto wenyewe na kujaza bonde la Bundi. Maji yakisimama, hata kwa siku chache, mchanga unazama. Maji yakisafika, jua linaingia, diatomu za ziwani zinazaa, zinatumia silika kujengea nyumba zao, zinakufa, zinazama pale pale. Silika inabaki nyuma ya ukuta. Kilichobaki kinaendelea kwenda, kikiwa na nitrojeni na fosfori bila silika ya kutosha, na baharini wanaozaa ni wale wasiohitaji kioo, ambao kati yao wako wenye sumu. Ni hatari inayojulikana, imejadiliwa kwa mabwawa ya nchi zingine. Kwa Inga itakuwa kubwa ao ndogo? Njo kazi ya uchunguzi kusema, na uchunguzi ule lazima ufike mpaka baharini.

Kuna mtu atasema pwani yetu ni fupi, kilomita 40 hivi, kwa nini kelele. Kwanza ule ufupi njo sababu ya kuichunga: hatuna ingine. Pale kuna mikoko ya hifadhi ya Muanda, iliyowekwa 1992 na kuandikwa kwenye orodha ya Ramsar 1996, ambako samaki wadogo wanajificha kwenye mizizi na nguva bado wanapita. Mikoko ile iko kati ya mafuta yanayochimbwa tangu miaka ya 1970 upande mmoja, na watu wanaoikata kwa makala na kwa kukausha samaki upande mwingine. Majani yake yakianguka yanaozwa na bakteria na uyoga mdogo, na ule uozo njo unakuwa chakula cha kamba na kaa. Pili, mto hauheshimu mpaka: Soyo ya Angola iko ng'ambo ya pili ya mdomo ule ule, na maji ya mto mara nyingi yanaelekea kaskazini, upande wa Cabinda na Pointe-Noire. Tukiharibu, tunaharibu na ya majirani.

Tatu, tuangalie sahani. Thomson yule wa karatasi la frigo, anayeuzwa kwa kipande kwenye masoko yetu, mingi inatoka Namibia. Kwa nini Namibia, nchi ya jangwa, iko na samaki wa kutuuzia? Juu mbele ya pwani yake maji baridi ya kilindi yanapanda na kuleta vyakula, fitoplanktoni inazaa, samaki wanajaa. Namibia ilijua kile ilicho nacho, ikaweka kipimo cha kuvua na watu wa kukagua. Sisi tuko na mto wa pili duniani wenye kulisha bahari bure, na wavuvi wa Nsiamfumu wanaenda na mtumbwi bila mtu hata mmoja wa leta wa kuandika wamevua kilo ngapi.

Na hapa njo tunafika kwa aibu kubwa. Mbele ya uhuru kulikuwa na vituo zaidi ya 400 vya kupima maji kwenye bonde la Kongo. Leo vinavyofanya kazi unaweza kuvihesabu kwa vidole vya mikono miwili, ukiongeza vya mguu. Kinshasa wanapima kimo cha mto tangu mwanzo wa karne ya 20, na njo sababu Januari 2024, mto ulipofika metro 6.20, waliweza kusema ni karibu sawa na 1961. Mahali pengine pengi hakuna kitu. Utasema namna gani Inga imebadilisha mto, kama hujui mto ulikuwa namna gani? Ukipima kisha ukuta kujengwa, umeshachelewa; hakuna kipimo cha kulinganisha.

Kwa hiyo tunadai, na tunadai sasa, wakati hela ya kutayarisha ndiyo inatumika na beto haijamwagwa.

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inasema mradi kama huu lazima upitie uchunguzi wa mazingira na wa jamii, na raia waulizwe. Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtu ako na haki ya mazingira mazuri kwa afya. Tunataka uchunguzi wa Inga usiishie kwenye maporomoko. Ufike Boma, Banana, mikoko, na maji ya mto ndani ya bahari, pamoja na Angola na Kongo-Brazzaville. Upime silika, chuma, matope, na viumbe vidogo, mwaka mzima angalau mara mbili, mbele ya kazi kuanza. Wavuvi wa Muanda waulizwe kwa Kikongo na Kilingala, pwani, siku ambayo hawaendi kuvua, si kwenye hoteli ya Kinshasa na kahawa. Na ripoti nzima iwekwe wazi. Kikaratasi cha kurasa nne na picha ya waziri hatukitaki.

Vituo vya kupima virudishwe: Kalemie kwenye Lukuga, Kindu, Kisangani, Mbandaka, Boma. Kupima maji hakuhitaji satelaiti kila mahali. Kunahitaji mtu, mtumbwi, chupa safi, darubini, daftari, na mshahara unaofika. Vyuo vyetu vinatoa kila mwaka vijana wa biolojia, wa kemia, wa jiografia, ambao wanaishia kuuza mega ao kupanda moto. Kiasi kidogo cha hela ya Inga kingelipa mamia yao kwa miaka kumi.

Na sisi tulio juu ya mto, kuna sehemu yetu. Sashe na chupa za plastiki zinazotupwa kwenye kanivo za Bukavu zinaishia kwenye mitambo ya bwawa la Ruzizi, zinaiziba, na umeme unakatika. Hii kila mtu wa Bukavu anaijua. Zile zinazopita zinaendelea na ile safari ya Uvira na Kalemie, zikivunjika kidogo kidogo mpaka zinakuwa kipimo cha zooplanktoni, na samaki hajui kutofautisha. Salongo ya Jumamosi iko na kazi hata kama meya hakuja.

Wenzetu walio Boma, Banana na Muanda: mkiwa na picha za mikoko iliyokatwa, za maji yenye mafuta, ao maelezo ya wavuvi wazee kuhusu misimu ilivyokuwa na ilivyo, tutumieni, mkiandika tarehe na mahali. Hatutataja jina la mtu. Tunakusanya ili siku ile ya kuulizwa raia ikitangazwa, tusiende na mikono mitupu.